Ua Dume Mkononi

Sikulipanda. Lilijiotea
kwenye shimo la taka nyuma ya bafu,
penye makumbi ya nazi na machicha ya chai,
mbegu moja iliyoponyoka futari ya mwaka jana.
Nikasema: mgeni huyu hakubisha hodi, na tayari ameketi.
Nikamwekea samadi kutoka Pongwe, ndoo mbili,
iliyolala hadi ikasahau harufu yake.

Miaka thelathini na moja nilipima mizigo bandarini.
Robota la mkonge nalijua uzito kwa kuligusa goti.
Nisilolijua ni jinsi mche unavyompima mtu:
Jumatatu majani mawili, Ijumaa saba,
wiki ya tano umeukamata ukuta wa Bi Mwanamkuu
kwa vikono vyembamba
vilivyojisokota kama nywele za kichanga.

Bomba letu ni moja, mita iko kwake.
Bili ilipokuja, elfu thelathini na nane,
alisimama mlangoni na karatasi:
"Mbaruku, unanywesha boga au unajaza bahari?"
Nikajibu jibu ambalo marehemu mke wangu
angenikanyaga mguu nisilimalize.
Toka siku hiyo koki imetiwa kufuli,
na salamu nayo.

Nikawa namwagilia maji ya kuoshea mchele,
shinani tu, jioni, majani yasilowe.
Ukungu mweupe ulipoyapaka unga
nilichanganya maziwa kikombe, maji vikombe tisa,
nikapangusa jani kwa jani, kama mtu amfutaye mgonjwa jasho.
Wadudu nikawapa majivu ya jiko.
Nikakata ncha za matawi,
nikala msusa na ugali siku nne mfululizo,
peke yangu.

Maua yakaja. Manjano kiasi cha kutukana.
Kumi na manne, yote madume:
kikonyo kirefu, kifua mbele, tumbo hakuna.
Nyuki wa mwarobaini sijui walihamia wapi.
Na ua jike la kwanza, lenye kiboga shingoni
kama hirizi, likatoa tumba. Wapi?
Upande wa pili. Juu ya bati la banda lake la kuku.

Ua jike halingoji mtu.
Hufunguka alfajiri, saa nne limefumba,
na likishafumba limefumba.

Basi nitazameni:
mzee wa miaka sitini na sita, kanzu ya sala bado mwilini,
ua mkononi, limevuliwa petali zote,
nabisha mlango wa mjane saa kumi na mbili na nusu,
Makorora yote iko macho.
Muuza maandazi akaacha kugeuza.
Mtu akakohoa kikohozi chenye maana.

Komeo likalia.
Alilitazama ua, akanitazama mimi, akarudi kwenye ua.
"Si lako," nikasema. Nikaona nimeharibu.
"Ni lake," nikaonyesha bandani.

Hakucheka. Alileta stuli,
akaishika mguu kwa mkono mmoja, wa pili ukimzuia jogoo,
nami juu nikapaka, taratibu, nikizunguka,
kama nitiaye wino muhuri wa forodha.
"Inatosha?"
"Inatosha."
Ndiyo maneno yetu ya mwezi ule mzima.

Kiboga hakikudondoka.
Siku ya kumi nikachungulia juu ya ukuta:
mtu amekivika mfuko wa karatasi, nzi wasikidunge,
na chini yake amelaza gunia la mkonge
bati lisikiunguze.
Mtu huyo si mimi.

Sasa kikonyo kimekauka kama kizibo.
Ukiligonga, linalia kama mlango mnene.
Kilo tisa, kwa jicho la bandari,
na sijui linagawanywaje tunda
lenye shina huku na tumbo kule.

Kufuli bado liko kwenye koki, mchana.
Lakini jana magharibi, nimeshika kopo langu la maji ya mchele,
nikasikia ng'ambo mpira wa maji unakohoa,
kisha maji yakapenya chini ya ukuta, polepole, yakielekea shinani.
Boga lililokomaa halihitaji maji.
Anajua. Najua.
Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikayatazama yakipita.
Bili ya mwezi huu haijaja.